Ng'ombe wa Zagayu, Chumba cha Jinja

Baba alipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, alirudi na sanduku lake la spana, akalitua mlangoni na kusema, "Mimi sizeekei Bariadi. Hawa wataniomba mpaka meno."

Hawa walikuwa ndugu zetu. Habari zilikuwa zimeenea kwamba chama cha ushirika kimeshindwa, wanunuzi binafsi wameingia na mizani yao, na kila mfanyakazi aliyeondolewa kapewa kiinua mgongo. Basi wakaanza kuja. Wanasalimu "Mwadila" mlangoni kwa sauti ya asali, wanavua viatu, wanakaa mpaka ugali unaiva. Wakishashiba, mmoja anakohoa na kueleza shida yake. Mimi ndiye niliyekuwa nasonga huo ugali, maana mama alikuwa amekwishafariki na dada zangu wameolewa. Niliwachukia wote, wazee kwa vijana. Nasema hivyo bila haya. Niliwachukia hata nilipokuwa nawamiminia maji ya kunawa.

Jioni moja, walipoondoka, baba aliniita.

"Wewe ndiye unayejisomeasomea. Nitafutie mji wa nje. Uwe wa bei nafuu, uwe na daktari, na usiwe na Msukuma hata mmoja."

Mwingine angecheka. Mimi nilishikwa na hofu, maana kazi nikipewa siwezi kuifanya nusu. Sikuchaguliwa kwenda sekondari. Nilichojua nilikiokota kwenye magazeti ya kufungia maandazi na kwenye redio ya jirani, na niliishi nikiogopa kwamba siku moja mtu atagundua sehemu nisiyoijua. Sufuria nilisugua mara mbili. Mji wa kuzeekea baba je?

Yeye mwenyewe alikuwa na miji miwili kichwani. Kisumu, kwa sababu ni karibu. Na Jinja, kwa sababu enzi ya Jumuiya, akiwa kijana, alipelekwa huko kujifunza injini, akaonja maisha ambayo hakuwahi kutusimulia vizuri. Mimi niliongeza Lusaka, ili nisije nikaambiwa sikutafuta.

Nilikwenda kuuliza kwenye duka la jumla karibu na stendi. Mama mwenye duka, Mwislamu aliyezaliwa Tabora, alikuwa na kaka yake aliyeleta sabuni na mitumba kutoka Busia. Nilimwuliza huyo kaka kodi ya chumba Kisumu na Jinja, bei ya mkungu wa ndizi, bei ya mkaa, kama bomba hutoa maji kila siku, kama mzee mgeni hupokelewa hospitali.

"Binti," alisema, "unatafuta mji au unatafuta mume?"

"Mji, mama."

"Heri ungetafuta mume. Mume ukimchoka unarudi kwenu."

Kaka yake alicheka mpaka akaegemea magunia. Lakini alinijibu yote, na wiki iliyofuata nikarudi kumwuliza yaleyale, nione kama majibu yatafanana. Madereva wa malori ya pamba nao niliwasumbua. Mmoja alinifukuza, akisema mimi ni mpelelezi wa ushuru.

Kisumu ilianguka mapema: shilingi yetu ukiivusha mpaka wa Sirari inakuwa karatasi. Lusaka ni mbali mno, na nauli peke yake ingemla baba mzima. Jinja ilibaki. Vita vilikuwa vimepita, vyumba vilikuwa tele, ndizi na samaki vilikuwa rahisi kuliko mahindi yetu mwaka wa ukame, na hospitali ilikuwa mjini penyewe. Nilimweleza baba mtaa, kodi, njia ya kupita na mahali pa kulala njiani. Alisikiliza macho yamefumba, kama mtu anayekunwa mgongo.

Kisha nikatia langu. "Na kuna masomo ya jioni ya watu wazima."

"Hm," alisema.

Ile "hm" niliishikilia wiki nzima. Sikumwuliza waziwazi kama nitakwenda naye, kwa kuogopa jibu. Kama angeniacha, nisingeruhusiwa kukaa peke yangu. Ningepelekwa Zagayu kwa baba mkubwa, na msichana aliyefika umri wangu akipelekwa kwa baba mkubwa, anakwenda kusubiri kutolewa mahari. Kwa hiyo nilijiambia: mzee wa peke yake ugenini atapikiwa na nani? Nikaanza kufua shuka zangu.

Ilibaki habari ya ng'ombe. Baba, kama wafanyakazi wengi wa mjini, hakuwa na zizi. Mshahara wake wa miaka ulikuwa umegeuka ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wamewekwa kwa kaka yake Zagayu. Anayekuwekea anakamua, analimia, samadi ni yake, na wewe huendi kuwakaguakagua. Ukiwa na shida unaomba mmoja. Mimi, kwa ukamilifu wangu, nilimshauri baba awatoe wote kwa siku moja na kuwauza mnadani kabla ya ukame kuwakondesha. Nilijua bei ya mkaa Jinja. Nilisahau kwamba kwetu mtu hatoi ng'ombe wote zizini kwa nduguye isipokuwa wamegombana au kuna aliyekufa.

Tulipanda lori lililokuwa linafuata pamba, tukafika Zagayu mchana. Baba aliposema shida yake, baba mkubwa aliweka chini jembe alilokuwa anatia mpini.

"Wote?"

"Wote."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nakwenda Jinja kupumzika."

"Kupumzika!" Aliwageukia wanawe. "Njooni mumwone mtu aliyechoka ndugu zake. Maziwa yake yamekusomesheni, sasa anakuja kung'oa mpaka vigingi." Akamrudia baba. "Ukifa huko watakuzika na nani? Wauza ndizi?"

"Watanizika kimya," baba alijibu. "Hapa mtanizika mkigombania suruali yangu."

Vijana waliguna. Mmoja alitema mate karibu na miguu yangu, nami nikamkazia macho mpaka akaangalia pembeni. Nilifurahi, nakiri. Nilidhani tumeshinda.

Baba mkubwa akanielekezea kidole bila kuniangalia.

"Chukua ng'ombe wako. Lakini huyu ataletwa hapa. Akiolewa, mahari iingie zizi hili, lisibaki wazi."

Nilimgeukia baba. Nilitegemea hasira ileile aliyokuwa nayo dakika hiyohiyo.

"Sawa," alisema.

Hakufikiri. Bei ya mji niliomtafutia ilikuwa nafuu, na alikuwa ameilipa.

Nyumbani hakuniomba radhi. Aliniuliza tena ile njia ya Busia, na mimi nikamweleza yote, mpaka upande wa kukaa ili jua lisimpige. Ningeweza kumpoteza. Ningemtaja mtaa mbaya, naye angeshuka na mzigo wake katikati ya wezi. Sikuweza kuharibu kazi yangu, hata kwa ajili ya mtu niliyekuwa namchukia kuliko wote.

"Baba yako mkubwa atakufuata Jumamosi," alisema akifunga mzigo.

"Asije."

"Utakula nini?"

Aliondoka Ijumaa.

Jumamosi baba mkubwa alinikuta dukani kwa yule mama wa Tabora, napima sukari, maana nilikuwa nimeshamwomba kazi na mahali pa kulala stoo. Alisimama na baiskeli yake, akaniambia nitoke. Nikaendelea kupima. Mama mwenye duka alimwuliza anataka kilo ngapi.

Baba mkubwa akasema mbele ya wateja kwamba nimefanana na baba yangu. Alikuwa ananitukana, na alilenga vizuri.