Riwaya Si Msahafu

Mwanangu, iko alasiri moja ya likizo kubwa ambayo hainitoki kichwani. Nilikuwa msichana wa sekondari, nimeketi barazani kwetu mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, riwaya ya Kifaransa mapajani, uso nimeukunja kama niliyelishwa shubiri.

Ilikuwa hadithi ya vijana wa zama zijazo, waliobaki peke yao katika mji wa chuma kwenye sayari nyingine. Watu wazima wote wametoweka, na mwandishi ameahidi kutuambia wamekwenda wapi. Nilivyoianza kwa hamu! Kumbe ahadi iliishia kwenye jalada. Ukurasa kwa ukurasa msichana shujaa anashindwa kuchagua kati ya wavulana wawili, na macho ya wavulana hao yanasifiwa upya kila sura. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nilikuwa nikiifunga kwa kishindo, kisha naifungua tena.

Utaniuliza kwa nini sikuiacha. Chuoni kwa maalimu tulifundishwa kwamba msahafu ukiuanza unaumaliza, na siku ya khitma unapikiwa pilau na mtaa mzima unakupongeza. Adabu ile nzuri mimi nikaivika kila kitu chenye kurasa. Maktaba ya mtaa ilikuwa ikiazimisha kitabu kimoja kimoja, kwa hiyo likizo yote ilikuwa imeniishia katika mji wa chuma. Na kesho yake pale maktabani kulikuwa na jambo nililolitaka kuliko nguo ya Idi: kila kijana angesimama asimulie kitabu alichosoma, na atakayewateka wasikilizaji angekabidhiwa ufunguo wa maktaba kwa mwaka mzima, asome atakacho. Mimi sikuwa na kingine cha kusimulia. Roho iliniuma.

Bibi yangu, mzaa mama, aliyekuwa amehitimu msahafu mara nyingi kuliko yeyote nyumbani, alikuwa akiparua samaki pembeni yangu; kisa cha vijana wale nilikuwa nimeshamlalamikia tangu asubuhi.

"We mutoto, hiyo kitabu inakufanya nini?"

"Iko mubaya, bibi. Lakini nilishaianza, lazima niimalize."

"Ililetwa na malaika?"

"Apana. Ni mutu tu aliandika."

"Basi ifunge. Mutu anaweza kuchosha watu. Na hao batoto ba huko juu, nani anabapikia?"

Nikacheka mpaka machozi, maana kweli, tangu nianze kusoma hakuna aliyekula hata uji mle kitabuni. Nikaifunga, na nilijisikia mwepesi ajabu.

Kesho yake nikasimama mbele ya watu. Nikasema wazi kwamba kitabu hiki sikukimaliza na sitakimaliza. Mwalimu wa maktaba akavua miwani. Nikawasimulia ahadi ya mwandishi, halafu nikawaonyesha pale alipoitupa. Nikawasimulia yale macho, sura baada ya sura, na swali la bibi kuhusu mpishi. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Kisha wakaanza kubishana wenyewe watu wazima wa mji ule wamekwenda wapi, na kila jibu lao lilikuwa tamu kuliko riwaya nzima. Mwalimu alishindwa kuwanyamazisha. Akanipa ufunguo kelele zikiendelea.

Nilirudi nyumbani nimeuinua juu kama kombe. Mafundi wa gereji za mtaani kwetu wakaniuliza ni wa gari gani, nikawajibu gari la hadhi hiyo hawajawahi kulitengeneza. Mwaka ule nilisoma, mwanangu, nilisoma kwa raha!

Basi shika hili. Kitabu cha mwanadamu mpe nafasi ya haki aliyekiandika, kisha akikuchosha, kifunge bila kuona haya. Ila ujue kwa nini umekifunga, na uweze kulisema mbele ya watu. Saa unazompa mtu asiyetimiza ahadi yake unamnyima mwingine anayekungoja rafuni.

Mola akufungulie milango ya vitabu vinavyokustahili. Na siku utakapoandika chako, vyungu viungue jikoni Bujumbura nzima, wapishi wasiweze kukiweka chini.