Mapazia, Mito na Jiwe la Sebuleni

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeziinua mbingu bila nguzo tunazoziona na akazipamba kwa nyota kabla mwanadamu yeyote hajajua kushika sindano. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Mimi ni bibi wa Mwanza niliyeishi kwa kushona mapazia, mito na vitambaa vya makochi. Vijana wanaoanza kazi hii wameniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukiifanya, nami nitaandika ninachokikumbuka.

Siku ya kwanza nilifika kwenye karakana ya samani kule Nyakato nikiwa na mkasi mpya niliouviringisha kwenye khanga. Mkubwa wetu tulimwita Fundi Mkuu, na sikumbuki mtu aliyewahi kumwita kwa jina.

"Shikamoo, Fundi Mkuu."

"Marahaba. Umefunga nini humo?"

"Mkasi."

"Uweke mezani. Nenda ukakae kwenye lile kochi."

Nikakaa. Nilikaa mpaka wenzangu wakaenda kunywa chai wakarudi. Ndipo akaja kuniuliza ninaona nini.

"Naona kochi zuri."

"Umelikalia, utalionaje? Sema unachokiona."

"Naona dirisha, ukuta na miguu ya meza."

"Basi ndivyo mgeni anavyoona. Kochi analitazama mara moja tu akiingia. Akishakaa anatazama vingine mpaka chai ije. Kazi yako ni hivyo vingine."

Hivyo vingine tuliviita vikorombwezo: mapazia, foronya za mito, vitambaa vya kufuma vinavyowekwa mahali pa kuegemeza kichwa, na mazulia madogo ya katikati ya sebule. Kitambaa cha pazia tulikikata upana mara mbili ya dirisha ili tupate marinda, yaani mikunjo inayosimama yenyewe. Chini tuliacha upindo wa vidole vinne, na ndani yake tukashonea chubwi, vile vipande vya risasi ambavyo wavuvi hufunga kwenye nyavu, kwa sababu upepo wa ziwani hauheshimu pazia jepesi. Upindo ukienda kombo, Fundi Mkuu hakugomba. Aliufumua mwenyewe taratibu, mbele ya watu wote, huku akikuuliza habari za nyumbani kwenu. Afadhali angegomba.

Baada ya miaka kadhaa nikachukuliwa na hoteli moja ya kando ya ziwa, chini ya Msimamizi wa Vyumba, mama mnene aliyetembea bila kusikika. Yeye ndiye aliyenifundisha habari za vijidudu vya ziwani. Mnawajua: wanainuka majini kama moshi, kisha upepo unawaleta mjini na ukuta mweupe unageuka mweusi. Wiki yangu ya kwanza waliingia chumba cha mbele, nami nikakimbilia ndoo na kitambaa kibichi. Msimamizi akanishika mkono.

"Mwanangu, ukifuta sasa hivi umepiga chapa. Pazia hilo halitatakata tena."

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Waache wakauke, kesho ukung'ute. Hao nao ni wageni, ila hawasemi wataondoka lini."

Nilikaa naye miaka mingi, nikajifunza kwamba nusu ya kazi ya mapambo ni kuacha kitu mpaka wakati wake. Nilipoondoka nikaweka cherehani yangu Ilemela, barazani kwangu, nikawa mkubwa wangu mwenyewe. Na hapo, bila wa kunifumulia, ndipo nilipofanya kosa ninalotaka kuwasimulia.

Jirani yangu alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, mwenye binti mmoja aitwaye Kabula. Nyumba yao ilijengwa mlimani. Mume wake alipokuwa akijenga, mafundi walishindwa kuvunja jiwe moja kubwa, akawaambia waliache, ukuta upite juu yake. Kwa hiyo jiwe lile likabaki ndani, kwenye pembe ya sebule, refu kunipita kiuno na pana kama kitanda. Wengi wa mjini kwetu hawashangai kitu kama hicho. Lakini Kabula alikuwa amepata mchumba wa Usagara, nje ya mji, na wazee wa kijana walikuwa wanakuja kuposa.

"Fundi," Mwalimu akaniambia, "hilo jiwe siku hiyo sitaki lionekane. Watasema tunaishi pangoni."

Ningeweza kumshauri vingine. Badala yake nilifurahia kazi. Nilifunga fimbo karibu na dari, nikatundika pazia zito la rangi ya damu ya mzee, marinda yamesimama, upindo umegusa sakafu. Kochi nikalipa mito mipya na vitambaa vyeupe. Nilisimama mlangoni nikajisifu moyoni. Sikukaa hata mara moja.

Wageni waliingia saa sita mchana, wazee watatu na shangazi wa kijana. Mimi nilikuwa jikoni nasaidia pilau. Tuliwasikia wakisalimiana kwa sauti ya kawaida, kisha wakakaa, na sauti zikashuka. Walikunywa soda. Walizungumzia mvua. Walizungumzia barabara. Wakarudi tena kwenye mvua. Neno la posa halikutajwa.

Mwalimu akaja jikoni. "Hawasemi. Wameona nini kwetu? Wamemkataa mwanangu."

Kabula aliweka kisu chini. Alikuwa anamtazama mama yake kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

Mara shangazi akachungulia mlangoni. "Dada, samahani. Mgonjwa wenu ana muda gani?"

"Mgonjwa gani?"

"Huyo aliyelazwa sebuleni, nyuma ya pazia kama la wodini. Mzee wetu anasema neno la furaha halifunguliwi mbele ya kitanda cha mgonjwa. Anataka tuwape pole, turudi siku nyingine."

Nilitamani sakafu inimeze. Nikafuta mikono, nikaingia sebuleni, nikawaamkia wazee shikamoo. Mzee msemaji alikuwa ameshasimama, kofia mkononi. Nikalivuta pazia mpaka mwisho, ringi zikalia zote.

Mzee akalisogelea jiwe polepole, akalishika kama anayepima homa.

"Huyu ameugua tangu lini?"

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani atalia. "Tangu tujenge, baba," akasema. "Hali, hanywi, wala hataki kuhama."

"Basi atatuzika sisi sote."

Shangazi alicheka mpaka akashika kochi. Mzee akageuka, safari hii kwa sauti yake kamili. "Mwalimu, kwetu ni udongo wa mbuga. Kila kiangazi nyumba inapasuka, kila masika naziba nyufa. Wewe Mungu amekupa jiwe, unalifunika shuka?" Akaweka kofia yake juu ya jiwe, akarudi kukaa. "Haya, tumekuja kuomba mke."

Walikubaliana kabla pilau haijapoa. Wiki ileile nilishusha pazia, nikalikata, nikashona mito sita, ambayo Mwalimu alimpa Kabula siku ya kumuaga. Jiwe nililiacha wazi, nikaligeuzia kochi moja ili mgeni alione vizuri. Tangu hapo, kabla sijafungua mkasi katika nyumba ya mtu, nimekuwa nikiuliza kwanza: hapa ndani unaonea haya kitu gani? Mara nyingi ndicho kilichofaa kuonekana kuliko vyote.

Sasa nimestaafu. Macho hayaoni tundu la sindano, na vijana wanakuja na simu zenye picha za nyumba ambazo hazijawahi kuona ziwa. Sizidharau, baadhi ni nzuri. Nawakaribisha chai, nawasikiliza. Na katika sala zangu namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe kwa kila nilichowasaidia watu kukificha, na namshukuru kwamba siku ile alinipa nafasi ya kulivuta pazia mwenyewe.

Wewe unayesoma, Mungu akijaze nyumba yako wageni wema. Wakiingia na kuuliza hali, akujalie kujibu kwa sauti kamili kwamba humo ndani wote ni wazima.