Somo la Kuvumilia

Juma zima dada yangu ni fundi cherehani, Jumapili ni mwalimu wa watoto kanisani. Wanaomjua kwa ushonaji wanajua pindo lake halifumuki. Wanaomjua kwa kanisa wanamwita Mwalimu tu, na jina hilo analipenda kuliko lile alilobatizwa nalo. Mimi ni mdogo wake. Naishi naye, natia vifungo, napiga pasi, na nina mdomo. Mwenyewe huniambia mdomo wangu ungekuwa mkasi, kazi zote zingekuwa zinaisha kabla ya chakula cha mchana.

Darasa hilo hakulipata kwa elimu. Alilipata kwa kipigo. Nasema hivyo bila kutafuna maneno, maana kanisa zima lilijua na kanisa zima lilinyamaza. Shemeji alikuwa akimpiga mpaka anashindwa kukanyaga cherehani. Siku alipokwenda kulia kwa wazee wa kanisa, wakamwombea, wakamwambia avumilie, wakamrudisha kwa mumewe. Akavumilia hadi yule bwana alipokufa kwa maradhi yake, tena yeye ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko. Baada ya maziko mzee wa kanisa akasimama mbele ya watu, akasema huyu mama ni mfano wa kuigwa, tumpe watoto awafundishe uvumilivu katika imani. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikumbatia mkoba wangu kwa nguvu, kwa sababu mikono ilikuwa inatafuta mtu.

Na Dada aliamini, jamani! Hapo ndipo panaponiuma. Mtu aliyekula kipigo miaka yote ile, ukimwambia kilikuwa cha bure, ataishije? Akaling'ang'ania neno hilo, akalifundisha kwa moyo wote.

Darasa lenyewe ni chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Kina mabenchi mafupi, ubao uliomeguka kona na dirisha linalofunguka nusu. Watoto hukaa wamebanana, na Dada husimama mbele yao na kanga yake begani, anawaitikisha.

"Mtoto wa Yesu akiumwa?"

"Anavumilia!"

"Akichekwa?"

"Anavumilia!"

"Ananung'unika?"

"Hanung'uniki!"

Walikuwa wanapaza sauti mpaka watu wazima huko mbele wanatabasamu katikati ya mahubiri. Wazazi walifurahi mno. Nani asiyefurahi mtoto akiacha kudeka? Akianguka anajikung'uta, akinyimwa ananyamaza, akichapwa hatoi hata chozi. Malezi yakawa rahisi.

"Dada," nilimwambia siku moja tukiwa kazini, "hawa watoto unawafundisha kumshika Mungu au kufunga midomo?"

"Ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja. Neno 'kuvumilia' ndilo moja."

"Wewe tia vifungo," akasema, akakanyaga cherehani ili asinisikie.

Katika watoto wote hakuna aliyelishika somo kama Pini. Sisi ndio tuliompa jina hilo, kwa sababu akitoka shule alikuwa anapita kwetu kuokota pini sakafuni kwa sumaku, huku akimsimulia Dada habari za darasani. Mama yake ni mfuaji wa nguo za watu, anarudi nyumbani jioni mgongo umekufa ganzi. Dada hakujaliwa mtoto. Alimpenda Pini hadi nikawa namtania: wewe, huyo utakuja kumwiba.

Basi Pini akaanza kuinamisha kichwa upande mmoja. Ukimwita hageuki. Dada akamkemea, "Unajitia hunisikii?" Mtoto akaomba radhi. Habari za darasani zikapungua, halafu zikaisha. Siku moja akapita karibu yangu, nikasikia harufu. Nikamshika bega, nikafunua kitambaa alichojifunga kichwani. Nyuma ya sikio pamevimba, ngozi inang'aa, na usaha umekaukia shingoni.

"Mama yangu! Pini, inauma?"

"Hapana, mama mdogo."

Nilipogusa kidogo tu, machozi yakamtoka yenyewe, na mdomo bado umetabasamu. Sijawahi kuona kitu kilichonitisha namna ile. Nikaacha pasi inawaka, nikamwita Dada, tukapitia kwa mama yake, tukaenda hospitali.

"Mbona hakuniambia?" mama yake alikuwa anarudia njia nzima. "Kila nikimuuliza anasema yuko sawa. Mimi nikajua ni uchovu!"

Daktari alikuwa mtu mpole. Akachuchumaa ili alingane na mtoto, akamuuliza kwenye sikio zima imeanza kuuma lini. Akamuuliza tena, akamwambia hakuna atakayemgombeza. Pini hakumtazama daktari. Alimtazama Dada, kama mwanafunzi anayetaka kujua jibu lake ni sahihi, kisha akasema, "Mtoto wa Yesu hanung'uniki."

Daktari akasimama. "Nani kamfundisha hivi?"

Mama Pini akageuka taratibu. Dada angeweza kunyamaza, na hakunyamaza. "Mimi," akasema.

Walimpasua nyuma ya sikio, wakasafisha mfupa. Mtoto akapona. Sikio hilo halitasikia tena, na la pili nalo limeguswa, linasikia kwa mbali. Daktari alisema angeletwa mapema, dawa tu zingetosha. Mama Pini hakutukana wala hakupiga kelele. Alimwambia Dada, "Nilikupa mtoto anayesema," akaingia wodini, akafunga mlango.

Mzee wa kanisa akaja kwetu kutupa pole. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema haya ni majaribu, kisha akachangamka. "Unajua, yule mtoto ni ushuhuda! Akitoka hospitali tumsimamishe mbele ya kanisa. Kuvumilia vile, katika umri ule!"

Hapo mori ukanipanda. "Ushuhuda? Mtoto amekuwa kiziwi, baba! Utamsimamisha aseme nini, na akisema atajisikia kwa sikio lipi?" Nikamfungulia mlango. Nilidhani Dada atanikemea. Hakuinua kichwa.

Jumapili iliyofuata nilikwenda naye darasani. Watoto wakasubiri waitikishwe. Dada akawaambia, "Nilikosea. Kuvumilia si kunyamaza. Yesu mwenyewe alilia. Msalabani alipaza sauti watu wote wakasikia, na hakuacha kumwita Baba yake. Huko ndiko kuvumilia: kutomwacha Mungu, na kusema panapouma. Haya, niambieni. Nani anaumia?"

Wakatazamana. Kisha msichana mmoja akasema jino. Mwingine akasema tumbo, usiku, kama hawajala. Mvulana wa benchi la nyuma akainua shati. Mgongoni pana michirizi ya waya, na watu wote tunajua ni mtoto wa mmoja wa wazee wa kanisa pale. Dada akampaka mafuta kwa mkono wake, akampeleka kwa mzazi wake mbele ya watu, akamuuliza baba yule, "Hii ni nini?"

Kabla ya jua kuzama darasa lilikuwa limepewa mtu mwingine. Wazee walimwambia Dada anapandikiza ukaidi kwa watoto. Alipovumilia kipigo cha mume walimpa darasa. Alipokataa kipigo cha mtoto wakamnyang'anya. Nieleweshe wewe unayeelewa, mimi nimeshindwa. Nilitaka twende kanisa jingine. Dada amekataa, anasema Mungu hakumfukuza, waliomfukuza ni watu. Kila Jumapili anakaa benchi la mwisho, peke yake, na anaimba.

Pini aliporuhusiwa, mama yake alimleta mwenyewe. Hakuingia, alisimama mlangoni. Dada aliacha kitambaa chini ya sindano, akapiga magoti upande ule unaosikia.

"Iliuma, mwanangu?" akamuuliza. "Niambie ukweli. Nikasirikie. Nipige ukitaka. Sema tu kwamba iliuma."

Pini akamfuta machozi kwa kiganja. Bandeji ilikuwa imemzunguka kichwa chote, na uso umebaki mdogo sana.

"Haikuuma sana," akasema. Halafu akaongeza, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe, "Mwalimu, si nilivumilia vizuri?"