Mto Usio na Lebo

Jina alilopewa na wazazi wake halikuwa na kazi pale uwanja wa ndege. Kule aliitwa Lebo, na hata barua ya kumpongeza kwa utumishi mwema ilipotoka, karani alianza kuandika "Ndugu Lebo" kabla ya kushtuka na kufuta. Ndege ikitua, Lebo alisimama chini ya ngazi na kizibao chake cha kung'aa, kuhakikisha abiria hawaondoki na mali ya shirika. Soksi, mswaki na kifunika macho, chukua, nenda salama. Blanketi, mto na hedifoni, acha. Na kwa kuwa kila anayekamatwa ana hadithi, alikuwa na sheria yake moja isiyo na mjadala: chenye lebo nyekundu ni cha shirika, kisicho na lebo ni cha aliyekishika.

"Simama pembeni. Fungua mkoba." Maneno hayo aliyasema miaka kumi na minne. Alimvua mama wa watu blanketi alilojifunga chini ya gauni. Aligundua kitambi cha bwana mmoja mwenye tai kuwa ni mito miwili, na akakichomoa mbele ya mkewe. Waliomlilia aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua cha shirika. Kusema kweli, aliipenda hiyo kazi kupita kiasi.

Siku mama yake alipokuja kuishi kwake, kwa tiketi ya jamaa wa wafanyakazi, Lebo alikuwa zamu. Bosi wake alikuwepo pia, amesimama na daftari. Mama alishuka ngazi taratibu, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine umekumbatia mto wenye foronya nyeupe. Pembeni ya ile foronya lebo nyekundu ilipepea, na kila mtu aliiona.

"Shikamoo mama. Huo mto unabaki."

"Marahaba. Mto ni wangu, baba. Foronya yangu ilimwagikiwa chai, nikauvalisha yenu. Nivulie foronya, uniachie mto."

Mtu mwenye akili timamu angeivua ile foronya. Ni kazi ya sekunde tatu. Lakini bosi alikuwa anatazama, na wasafishaji walikuwa wameacha kufagia ili waone kama Lebo ana meno hata kwa aliyemzaa. Kichwa kikamvimba.

"Wote husema hivyo, mama," akasema kwa sauti ya kusikika, akauchukua, akautupa guniani. Bosi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama alimwangalia, kisha akaenda zake kwenye basi la abiria, mikono mitupu.

Nyumbani mama aliitikia salamu, akala kidogo, akajilaza chali bila mto, macho darini. Hakulala. Asubuhi ilikuwa vilevile. Mkewe Lebo ndiye aliyemfuata mumewe uani, akamsimamia mkono kiunoni.

"Unajua ule mto umeshonwa kwa kitu gani?"

"Kwa kitambaa."

"Kwa shati la bluu la baba yako, la kazini. Mama mkwe alilishona wiki ya msiba, akajaza sufi mwenyewe. Hajalalia kitu kingine tangu hapo. Wewe umeenda kumpora hadharani, ili bosi akutikisie kichwa."

Lebo alihisi aibu mpaka kwenye nyayo. Hakusubiri hata chai. Huko stoo ya shirika, dada wa mito alikuwa anavua foronya na kuvalisha nyingine haraka haraka kama anayemenya viazi.

"Ule mzito wa bluu? Nilidhani ni wa aina mpya," akasema. "Nikaupeleka mbele, kwenye viti vipana. Umeruka jana mchana. Unarudi kesho."

Kesho yake Lebo alikuwa chini ya ngazi kabla ndege haijasimama. Abiria wa mbele walitoka kwanza. Wa tatu alikuwa bwana mnene, mfanyabiashara aliyekwisha kukamatwa hapo mara mbili na aliyeijua sheria kuliko walioitunga. Kwapani alibana mto wa bluu. Foronya ya shirika alikuwa ameiacha kwenye kiti, imekunjwa vizuri.

"Mzee, huo mto..."

"Hauna lebo," bwana akasema, akaugeuza huku na huku kwa raha. "Tazama vizuri. Kisicho na lebo ni cha nani?"

Wasafishaji wakaacha kufagia tena.

"Ni wa mama yangu," Lebo akasema.

"Wote husema hivyo."

Lebo akavua kofia.

"Ni shati la marehemu baba. Angalia mfuko wa kifuani. Vifungo vyote ni vyeupe, cha mfuko ni cha kahawia. Cheupe nilikimeza mimi nikiwa na miaka minne. Mama akatafuta cha kufanana, akakosa. Nakuomba, mzee wangu. Hajalala siku mbili, na ni kosa langu."

Bwana akaupapasa mto kwa kidole gumba mpaka akakifikia kifungo. Cha kahawia. Akamkabidhi Lebo.

"Mwambie mama nimelala juu yake kama mtoto. Na wewe, siku nyingine uwe unasikiliza watu."

Lebo aliomba ruhusa, akautia mto mkobani, akapanda teksi, njia nzima akipanga maneno ya kuomba radhi. Yalikuwa mazuri, yana mwanzo na mwisho. Alipofika, mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mama, naomba uni..."

"Simama pembeni," mama akasema. "Fungua mkoba."

Akafungua. Mama akautoa mto, akaukagua pande zote nne bila haraka, akaunusa, akakunja uso.

"Una harufu ya kichwa cha mtu. Lebo iko wapi?"

"Hauna, mama."

"Basi ni wangu."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Lebo alibaki pale na mkoba wazi na yale maneno yake mazuri, na kabla hajalitoa hata la kwanza, akasikia mama anakoroma.