Ua la Nyuma ya Mlango

Nikisikia harufu ya mavi ya ng'ombe yaliyokorogwa na udongo mbichi, mimi huniambii kitu. Wenzangu hapa Kitale hufunga madirisha. Mimi hufungua, nikarudi Matulo, Desemba, kwa Kukhu.

Kukhu ndivyo nilivyomwita nyanya yangu. Mama aliniacha kwake nikiwa mdogo, akaenda Suam, mpakani, kuuza nguo, na kila mwaka alituma neno kwamba Krismasi atakuja. Basi kila Desemba tuliikandika nyumba upya, kama kina mama wote wa kule: masizi chini, udongo mwekundu juu, kisha Kukhu akachora maua meupe kwa kidole. Weh! Ilipendeza hadi wapita njia wakasimama. Nilikuwa na hakika mama akiiona tu, hataondoka tena.

Kitu kimoja kilinikera. Ndani, nyuma ya mlango, palikuwa na ua kuukuu lililopinda, upande mmoja umening'inia kama sikio la mbuzi. Kukhu alikandika akilizunguka, hakuligusa.

"Kukhu, si tufunike hii? Mama atatucheka bana."

"Wacha hapo. Kizuri hakikosi ila."

Nilinuna, nikachora langu kando yake, zuri, ili lile liaibike. Siku ya Krismasi nikakaa nje na gauni langu jipya, nikitazama barabara. Mama hakuja. Jioni uzuri wa ule ukuta uliniuma mno. Heri nyumba ingekuwa chafu. Niliingia nikilia, nikamkuta Kukhu amefunga mlango, ameketi akitazama lile ua lake baya. Nikadhani hajali.

Nikakua, nikapata kazi Kitale. Nikawa nami natuma neno kwamba Krismasi nitakuja.

Mama alikuja hatimaye, tulipomzika Kukhu. Watu walipotawanyika aliingia ndani, akaurudisha mlango, akaligusa ua lililopinda.

"Hii nilichora mimi," akasema. "Nikiwa mdogo hivi."

Utotoni nilidhani tunaipamba nyumba ili mtu arudi. Kumbe Kukhu alihitaji pia cha kutazama, mtu asiporudi. Ukuta wote ulikuwa umekandikwa upya. Kukhu aliifanya kazi hiyo Desemba iliyopita, peke yake, na mgongo wake ule uliomuuma. Na kando ya ua la mama lilikuwapo langu, limepasukapasuka, baya kuliko nilivyolikumbuka, udongo mpya umelizunguka.