Ampli ya Matundu Matatu

Baba yangu hakuwa na desturi ya kutazama mashine usoni. Ukimletea redio mbovu, kabla hujamaliza kumweleza ilivyoharibika, tayari ameshaigeuza. Alisema uso umetengenezwa kwa ajili ya mteja na mgongo kwa ajili ya fundi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu ya mtaa wa Kamalondo, Lubumbashi, na televisheni zote humo zilielekea ukutani, kana kwamba zimepewa adhabu. Mimi nilikulia katikati ya migongo hiyo, na sikuwa na subira nayo hata kidogo. Nilirithi haraka ya mama.

Ulikuwa ule mwaka mbaya ambao sisi wenye asili ya Kasai tuliambiwa kwamba Katanga si kwetu. Babu aliletwa na kazi ya shaba. Baba alizaliwa Lubumbashi, mimi nilizaliwa Lubumbashi, na Kasai niliijua kwa nyimbo za bibi tu. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa, kwa hiyo nilikuwa nyumbani, msichana wa miaka ishirini na miwili asiye na la kufanya zaidi ya kusikiliza geti. Nusu ya maduka ya mjini yalikuwa yameporwa. Watu walikuwa wamehamia stesheni na magodoro yao, wakingoja gari moshi ambalo hakuna aliyejua lingefika siku gani.

Wa kwanza kuja alikuwa mwalimu mstaafu aliyekaa ng'ambo ya barabara. Alijua baba ana kamera ya video, aliyoachiwa na mteja mmoja aliyerudi Ulaya. Hakukaa hata kwenye kiti.

"Papa technicien, fundi," alisema, "unipigie nyumba yangu mu kamera. Nitaiacha, lakini niende nayo."

Baba akavuka barabara, nami nikabeba betri. Mwalimu alitaka milango yote ipigwe, mmoja mmoja, ukifunguliwa na kufungwa. Alitaka sauti ya bawaba. Alitupeleka hadi kwenye ukuta wa uani, akauwekea kiganja, akasema kwenye kamera kwamba kila tofali la ukuta ule aliliweka yeye, siku za Jumapili, kwa miaka minne. Mke wake alikuwa anafunga vyombo ndani ya mashuka na hakutaka kutazama.

Habari zilitembea. Ndani ya wiki moja tulikuwa na kaseti kumi na moja ndogondogo za kamera, kila moja na nyumba yake. Lakini kaseti zile hazikuingia kwenye mashine za video za kawaida. Ilibidi kila moja inakiliwe kwenye kaseti kubwa, na kila familia ilitaka mbili: moja ya kusafiri nayo, nyingine ya kumwachia ndugu aliyebaki. Umeme ulikuja saa mbili kwa siku, siku nyingine haukuja kabisa. Baba akaahidi watu wote kumi na mmoja kwamba watapata kaseti zao kabla ya kupanda gari moshi. Nasi tungepanda gari la baada yao. Mama alikuwa ameshaandikisha majina yetu.

Hapo ndipo baba alipoanza kutafuta ampli, mashine ya kukuza sauti.

Si ampli ya muziki tu, hiyo tulikuwa nayo. Alitaka zile za sinema ya nyumbani, zinazopokea sauti na picha pamoja na kuzigawa. Alinichorea kwenye kipande cha boksi: kamera inaingilia hapa, halafu picha itoke kwa matundu matatu, matatu kamili. Mawili yaende kwenye mashine mbili za kurekodi, la tatu liende kwenye televisheni, ili aone anachokirekodi. Matundu ya njano ni ya picha, mekundu na meupe ni ya sauti. Kwa saa mbili za umeme angetoa kazi maradufu, na kila kaseti ingekuwa safi.

Mama alisikiliza maelezo yote hayo akiwa amesimama mlangoni na beseni la nguo.

"Papa, uko na kamera. Uko na video. Uko na fili, waya ya kuunga. Anza moja-moja. Unangoya nini?"

"Kazi ya haraka-haraka haiko kazi, Mama. Ntaifanya bizuri."

"Bizuri ya nani? Bantu banaenda!"

Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa upande wake. Nilimwambia baba waziwazi kwamba anapoteza muda. Alivaa kofia yake na kutoka, nami nikamfuata kwa hasira, kwa sababu siku zile mtu hakutembea peke yake.

Tulianza mjini, kwa mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini. Alikuwa mkristo mcha Mungu, anayeuza kwa jumla, na duka lake lilikuwa limeponea uporaji, akiuza kwa mlango wa nyuma. Alitutolea ampli mpya kutoka ndani ya boksi lake, nyeusi, yenye taa za kijani na kitufe kikubwa kama kifuniko cha sufuria.

"Angalia, Papa, namna inang'ara."

"Geuza," baba akasema.

Mfanyabiashara akageuza. Baba akavaa miwani. Alihesabu kwa kidole, akahesabu tena. Matundu manne ya kuingiza picha, la kutoa moja tu. Akavua miwani na kushukuru. Yule bwana alidhani ni ujanja wa kushusha bei, akashusha. Baba akasema hata angepewa bure, tundu moja lingemsaidia nini, yuko na watu kumi na mmoja. Nikatoka nje niteme hasira zangu barabarani.

Ya pili tuliiona mtaa wa Ruashi, kwa fundi wa saluni aliyekuwa akionyesha filamu uani kwake. Hiyo ilikuwa na matundu mawili ya kutoa. Baba aliishika kwa muda mrefu kweli. Nilimwambia mawili yanatosha, televisheni ya nini, kwani nyumba ya mwalimu hatuijui? Akasema fundi asiyeona anachorekodi anaomba Mungu, harekodi. Tukarudi kwa miguu. Njiani tulipishana na familia tatu zilizokuwa zikisukuma mkokoteni kuelekea stesheni, na mmoja wao alimpungia baba mkono, akamwuliza kama kaseti iko tayari. Baba akajibu kesho-kesho.

Hiyo kesho-kesho ilichukua siku kumi na tisa. Leo nasema jambo ambalo wakati ule nilikuwa mdogo mno kulielewa na mwenye hasira mno kulifikiria. Baba hakuwa anatafuta ampli. Maadamu anachagua, kazi haijaanza, na kazi ikiwa haijaanza haiwezi kwisha. Na ikishakwisha ndipo tungeondoka. Mama alilijua hilo mapema, na ndiyo maana usiku hakulala. Alifunga mizigo, akaifungua kutafuta chumvi, akaifunga tena.

Ya tatu ilikuwa mji wa Kipushi. Mtu alituambia kuna mama mmoja anauza vitu vya nyumba, mume wake mchimbaji ametangulia Kasai. Tulipanda kamioneti ya wauza unga. Yule mama alitupeleka kwenye kabati, akaondoa kitambaa cha kufuma, na chini yake palikuwa na ampli kubwa ya rangi ya fedha ambayo mumewe aliipata kwa mmisionari Mmarekani.

Baba aliigeuza. Nilimwona anahesabu. Kisha akanitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilimwona anacheka.

"Tatu," alisema. "Njo hii."

Katikati ya mgongo wa ampli palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, yenye jina la mume wa yule mama na anwani yake. Hii inahitaji maelezo. Baada ya uporaji wa kwanza, watu wa mtaani kwetu walikuwa wakiona redio zao sokoni na hawana la kuthibitisha. Basi ni baba mwenyewe aliyewafundisha: andika jina lako, libandike mgongoni, pale penye kibati laini ambapo gundi inashika vizuri. Desturi hiyo ilienea mpaka ikafika Kipushi. Na ikazaa nyingine: mashine iliyobanduliwa karatasi ilikuwa mashine ya wizi. Vijana waliofunga barabara kwa magogo waliangalia hilo kwanza. Ukiwa na karatasi nzima na barua ya mwenye mali, ulipita. Ukiwa na alama ya gundi iliyokwaruzwa, Mungu akusaidie.

Kwa hiyo baba hakuigusa karatasi ile. Yule mama alituandikia barua, akaikunja, akampa baba kwa mikono miwili. Kwenye kizuizi cha barabara kijana mmoja alisoma jina la kwenye barua na jina la mgongoni, akilifuata kwa kidole. Akatuachia.

Tulifika nyumbani saa tisa alasiri, na umeme ulikuwepo. Umeme ulikuwepo! Baba aliingia mbio, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Aliweka ampli mezani, akaunganisha televisheni, akaunganisha mashine mbili za video, akaweka kamera kwenye miguu yake mitatu na kuiwasha irekodi, ili apime picha. Aliunga kila waya mahali pake. Kwamba alikuwa fundi hodari, hilo halina ubishi. Mama akaja mlangoni.

Baba akachomeka ampli ukutani. Ilitoa mlio mfupi, halafu moshi.

Baba aliichomoa, akangoja, kisha akachukua kisu na kuibandua ile karatasi polepole, jina la yule bwana likitoka vipande vipande. Chini yake, kwenye kibati laini, kilichapishwa kiwango cha umeme: volti mia moja na kumi. Wa kwetu ni mia mbili na ishirini. Mmisionari alikuwa na kisanduku cha kupunguza umeme, na kisanduku hicho tulikuja kusikia kwamba kiliporwa siku nyingi kabla. Mtu ambaye maisha yake yote alisoma migongo ya mashine alikuwa amesoma mgongo wote isipokuwa sehemu aliyowafundisha watu kuifunika.

Mama alikwenda kwenye ampli iliyoungua, akaisukuma kando, akachukua waya mmoja na kumpa baba.

"Moja-moja," alisema.

Baba akaanza. Kamera, waya, mashine ya video. Umeme ulikatika baada ya kaseti ya kwanza. Kesho yake tulitoa mbili. Keshokutwa hapakuwa na umeme, na asubuhi ya siku iliyofuata gari moshi lilifika.

Tulikimbia stesheni na kaseti tatu kwenye mfuko wa plastiki. Wenye zile tatu tuliwapata, Mungu ni mwema. Mwalimu alikuwa kwenye behewa la mizigo, amekaa juu ya godoro lililokunjwa, mkewe amelala begani kwake. Alipomwona baba alinyoosha mkono. Alikuwa na uhakika kabisa. Baba alisimama chini, mikono mitupu, akasema kitu ambacho sikukisikia kwa makelele. Mwalimu aliacha mkono wake pale pale kwa muda, kisha akaurudisha gotini.

"Si kitu, Papa," alisema. "Utanitumia."

Nilimchukia baba siku ile. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nimeshindwa kulifuta.

Sisi tuliondoka na gari lililofuata. Mwalimu hakumaliza safari; alizikwa kando ya reli, mahali ambapo mke wake hakuweza kupakumbuka. Baba aliishi Kasai miaka sita na hakutengeneza tena mashine ya mtu. Zile kaseti nane alizihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga, na alipofariki mama alinipa kopo hilo.

Nimerudi Lubumbashi zamani sasa. Kaseti sita nimewapelekea wenyewe au watoto wao. Ya mwalimu aliipokea binti yake, akaitazama mbele yangu, na baba yake alipoweka kiganja ukutani, binti akaanza kulia, nami nikalia naye. Nyumba yetu wenyewe baba hakuipiga. Mama alimwomba mara mbili, baba akasema kaseti zimekwisha.

Lakini ipo. Mwisho wa mojawapo ya zile kaseti mbili zilizobaki, baada ya nyumba ya watu wengine, ile kamera iliyowashwa ili kupima picha ilirekodi chumba chetu kwa dakika moja na nusu. Pazia la bluu bado limening'inia. Baba ameinama nyuma ya ampli ya fedha, unaona mgongo wake tu. Mama anatokea mlangoni na beseni.

"Bado tu?"

"Dakika moja, Mama. Dakika moja."

Mkono wa baba unakwenda ukutani. Mwaka huu mama ametimiza miaka themanini na moja, na kila Jumapili anataka tumwekee. Kidole changu kinakaa tayari kwenye kitufe, na kabla baba hajachomeka, nasimamisha.