Mkoromo wa Gitaa la Amira

Kwa miaka thelathini na moja Mbaruku amekuwa akifukuza mikoromo kwenye spika za watu. Kibanda chake kiko Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, ubavuni mwa kijiwe cha kahawa cha Bakili. Spika za misikiti, za harusi, za wauza dawa ya panya, zote zimepita mikononi mwake. Wala hamalizi kazi ameketi. Huiwasha spika, akaenda zake hadi kona ya mtaa kusikiliza, maana wengi wanaoisikia wako mbali nayo.

Jumanne, Amira alimletea gitaa lake na ampu, spika ya kulikuzia sauti. Binti huyu huuza mapazia dukani kwa baba yake, na jioni hupiga metali, muziki wa magitaa yanayonguruma, pamoja na wenzake watatu.

"Shikamoo babu. Mara ya mwisho gitaa langu halikusikika kabisa. Jumapili tunapiga Magomeni. Nisiposikika tena, wenzangu wanachukua mtu mwingine, wameshaniambia."

Mbaruku akaiwasha, akalijaribu gitaa. Likakoroma. Akaona ugonjwa ameshaujua.

Jumamosi asubuhi Amira akachomeka gitaa, akapiga. Sauti ikatoka laini kama ya tarabu. Akazungusha nobu ya mkoromo hadi mwisho. Laini vilevile.

"Babu, umeiua!"

"Nimeitibu. Ilikuwa na mkoromo mbaya, nikaukata wote."

"Huo mkoromo ndio muziki wenyewe!"

Bakili akacheka hadi kahawa ikamwagika. "Mbaruku kamng'oa simba meno!"

Mbaruku akaifungua tena ampu. Akarudisha waya alizokata, moja moja, Amira kasimama anauma kucha. Kufikia adhuhuri ampu ikakoroma.

"Haya, piga kama utakavyopiga kesho," akasema, akaenda zake konani. Pale, kati ya mikokoteni na honi za bodaboda, alisikia nyuki ndani ya debe, basi. Akarudi.

"Umejaza mkoromo, umejaza besi, katikati umepaacha patupu."

"Ndivyo inavyopigwa, babu. Chumbani kwangu inatisha!"

"Chumbani uko peke yako. Besi mwachie mwenye besi. Sauti ya mtu inakaa katikati, na wewe kaa hapo."

Akashusha mkoromo hadi nusu, akapunguza besi, akapandisha midi, ile sauti ya katikati. Amira akakunja uso. "Imekuwa kavu."

"We piga tu."

Safari hii gitaa lilimfuata hadi konani, likapita mikokoteni na honi, kama msumeno unaopasua gogo la mninga. Maishani mwake Mbaruku hakuwahi kufurahia mkwaruzo. Alirudi karibu anakimbia.

"Usiguse kitu!"

Amira akatoa rangi ya kucha, akatia doa jekundu kwenye kila nobu pale iliposimama.

Jumapili Mbaruku alikwenda Magomeni, ila ukumbini hakuingia. Alisimama ng'ambo ya barabara, kwa mama mmoja anayekaanga mihogo. Ngoma zikaanza, besi ikafuata. Akatega sikio. Kisha, juu ya vyote, ukaja ule msumeno.

Mama wa mihogo akainua kichwa. "Mle ndani wanapasua mbao?"

"Ndiyo," akasema Mbaruku. "Fundi wao ni binti yetu wa Kariakoo."